Igeuze Kwanza

Oya mwanangu, kabla hujaichomeka ruta kwenye umeme, igeuze. Ipindue kabisa, tumbo juu. Utaona stika ndogo nyeupe, maandishi yake membamba kama ya kwenye boksi la dawa, na masela wengi wanaipita kama hawajaiona. Kwenye hiyo stika kuna jina la waifai ambalo ruta imekuja nalo kutoka kiwandani, na paswedi ya waifai. Chini yake kuna anwani ya namba, na paswedi nyingine ya kuingilia ndani kabisa, kwenye setingi zake. Funguo mbili hizo. Moja ni ya mlango wa sebuleni, unaweza kumpa hata mgeni. Nyingine ni ya sanduku la bi mkubwa, lile la chini ya kitanda lenye hati ya shamba na hela za kikoba. Kitaa kizima kinazichanganya, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Piga picha hiyo stika, itunze, kisha ndiyo tuongee.

Mimi ni wa Itaka. Kama hujawahi kutimba huku, ni wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, mkoa mchanga uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Baridi ipo, kahawa ipo, mahindi na maharage usiseme. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza Mlowo na Vwawa mpaka Tunduma, na sisi tuko ndani, pembeni ya hayo makelele ya malori. Wana wa huku tulikua tukijua mtandao ni kitu cha mfukoni: unajiunga bando la buku, likikata unakausha mpaka kesho. Ruta ilikuwa kitu cha kishua, cha watu wa Dar wenye geti na kamera ukutani. Sasa hivi upepo umegeuka. Msimu wa kahawa ukiisha na mshua akishapokea maokoto ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kuna nyumba inaongeza bati, kuna nyumba inavuta pikipiki, na kuna nyumba ambayo madogo wamekomaa mpaka mzee akasema haya, nunueni hilo dubwana lenu.

Kwetu ilienda hivyo. Tukaenda Tunduma, tukapata duka, jamaa akatufungulia boksi juu ya meza, akaweka laini, akabonyezabonyeza simu yake dakika tano, akasema tayari. Tukarudi home, taa ikawaka, nyumba nzima ikashangilia. Mwezi wa pili kimbembe kikaanza. Paswedi ilishavuja, kijiwe chote kinaning'inia kwenye waifai yetu, bando la mwezi linakata kabla ya tarehe kumi na tano. Tukitaka kubadilisha paswedi hatuwezi, kwa sababu yule jamaa aliweka ufunguo wake mwenyewe kule ndani na hakutuambia. Tukimpigia anajibu, njooni nayo. Nauli ya kwenda na kurudi, halafu msimbazi mmoja mezani kwake. Mara mbili tumempelekea mzigo!

Mara ya tatu dogo wetu wa kidato cha tatu aliipindua, akasoma stika, akaona nyuma kuna kitundu kidogo kinachotosha ncha ya pini. Akachukua pini kwenye kikapu cha cherehani cha maza, akabonyeza huku ruta imewaka, akahesabu mpaka kumi na tano. Taa zote zikazima, zikarudi moja moja. Kifaa kikawa kama kilivyotoka kiwandani, na zile namba za kwenye stika zikaanza kufanya kazi. Miezi miwili ya kupigwa iliisha kwa sekunde kumi na tano na pini ya kushonea.

Tangu siku hiyo nimefunga ruta za washkaji na za majirani, na sijawahi kuondoka na ufunguo wa mtu. Hilo ndilo ninalotaka ulibebe hapa: ufunguo wa ndani ukae kwenye nyumba iliyonunua ruta. Siyo kwa fundi wala dukani.

Sasa twende taratibu. Kabla ya ruta, anza na mnara. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini na makampuni ya simu mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713 za nchi hii, na mpango huo ulilenga hasa vijijini, kule ambako simu ilikuwa inapigwa kutoka juu ya kichuguu. Lakini mnara kuwepo kwenye kata siyo lazima ukufikie chumbani. Huku kwetu kuna mabonde, kuna mashamba ya mikaratusi, kuna nyumba za matofali ya kuchoma zenye kuta nene, na juu yake mabati. Kila kimoja kinakula mawimbi.

Kwa hiyo usinunue ruta kwa sababu ya bango la barabarani. Azima laini za mitandao mitatu minne kutoka kwa washkaji, weka kwenye simu yenye 4G, zunguka nayo chumba kwa chumba. Kwenye Android nyingi ukibonyeza *#*#4636#*#* unafunguka ukurasa wenye namba za nguvu ya mawimbi, na kama simu yako imegoma, utazikuta kwenye setingi, sehemu ya kuhusu simu, hali ya laini. Namba zinakuja na alama ya kutoa mbele. Usiogope, kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mambo yanavyokuwa freshi. Ukisoma -80 au -85 hapo ni bata. Ukiwa kwenye -100 unaishi. Ukipita -110 hiyo laini kwako ni kimeo, hata ruta iwe na antena nane. Andika kwenye karatasi: chumba gani, mtandao gani, namba gani, saa ngapi. Pima na usiku, maana saa mbili usiku kila mtu yuko mtandaoni na mnara unaelemewa.

Ukishajua mtandao, ndiyo unatafuta ruta. Muulize muuzaji swali moja kwa sauti: hii imefungwa kwenye mtandao mmoja au inakula laini zote? Nyingi zinazouzwa na makampuni ya simu zimefungwa, zinakubali laini ya kampuni hiyo tu. Siyo kosa, bei yake huwa nafuu na bando lake huja pamoja, ila ujue mapema. Zile za mtumba kutoka nje ndizo zinazohitaji macho zaidi, kwa sababu masafa ya huko zilikotoka yanaweza yasilingane na ya mnara wako. Ijaribu palepale na laini yako mwenyewe, mpaka uone ukurasa unafunguka. Ukiambiwa "hii ukifika nyumbani itakubali", sepa.

Laini nayo usichukulie poa. Tangu Januari 2020 laini ya Tanzania bila alama ya kidole na namba ya NIDA inazimwa. Kuna watu wanauza laini "iliyoshasajiliwa", na hayo ni magumashi. Siku mwenye jina lake akiamua kuirudisha, ruta yako inakuwa kopo. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na hakikisha ya ruta imo, au imo kwenye kitambulisho cha mshua kama yeye ndiye mwenye nyumba. Halafu, laini ikiwa na pini ya kuwashia, iondoe ukiwa bado umeiweka kwenye simu. Ruta nyingi zinakwama hapo na watu wanadhani imeharibika.

Wana wa Tunduma, ninyi mna mtihani wenu wa peke yenu. Pale mpakani, hatua chache tu kutoka Nakonde, simu inadaka mnara wa Zambia bila kuuliza. Mnaijua dalili: saa inarudi nyuma saa moja, kwa sababu wenzetu wako nyuma yetu kwa saa hiyo moja, halafu meseji ya kukaribishwa ugenini inaingia wakati umekaa kitandani kwako. Kwenye simu unashtuka. Ruta haina wa kushtuka. Ikidaka mnara wa upande wa pili usiku na matumizi ya ugenini yamewashwa, salio linayeyuka umelala. Kwa hiyo ingia ndani, sehemu ya mtandao wa simu, uzime data ya ugenini, na kuchagua mtandao kuwe kwa mkono, siyo kwa otomatiki. Chagua mtandao wako wa Bongo, hifadhi. Dakika mbili tu.

Na najua mnaniuliza kuhusu ile sahani ya Starlink, intaneti ya setilaiti. Malawi ilianza kazi Julai 2023, Zambia Oktoba 2023, kwa hiyo kwenye mkoa wetu wenye mipaka na nchi hizo mbili mtu anaona kabisa majirani wanakula bata. Huku kwetu mpaka mwaka 2025 leseni ya kampuni hiyo ilikuwa haijatoka. Kuvusha kifaa kwa njia za panya ni kununua mzigo ambao kampuni yenyewe inaweza kuuzima hukohuko angani, na forodha ikaudaka hapa chini. Mimi hela yangu siiweki hapo.

Haya, ruta iko mezani, laini imo, umeme umewashwa. Subiri dakika mbili tatu mpaka taa ya mtandao itulie. Kwenye simu yako tafuta jina lililo kwenye stika, ingiza paswedi ya stika. Kisha fungua brauza, pale juu unapoandika anwani weka ile namba ya kwenye stika. Nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na za Huawei za laini mara nyingi ni 192.168.8.1. Zima data ya simu kwanza, maana simu ikiona waifai haina intaneti inaruka kwenye bando lake na ule ukurasa haufunguki. Hapa wengi wanakata tamaa bure.

Ukurasa ukifunguka unaombwa jina na paswedi. Zamani karibu kila ruta ilikuwa "admin" na "admin". Usikae na hiyo hata usiku mmoja. Mwaka 2016 vijana watatu wa Kimarekani walitengeneza programu inayoitwa Mirai. Ilikuwa inazunguka duniani ikigonga milango ya ruta na kamera za mtandaoni, ikijaribu orodha ya majina na paswedi za kiwandani zisizozidi sabini. Zinazofunguka inazigeuza askari wake. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo jeshi la vifaa vya namna hiyo likaishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na siku hiyo Twitter, Netflix na wengine wakubwa wakawa hawapatikani kwa mamilioni ya watu. Waliofungua mlango ni watu wa kawaida, wenye nyumba ambao hawakubadilisha paswedi ya ndani. Ruta ya Itaka nayo inaweza kugeuzwa askari vilevile. Badilisha.

Paswedi ya ndani iwe ndefu, tofauti kabisa na ya waifai, na iandikwe kwenye daftari. Ndiyo, daftari la karatasi. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati la maza.

Halafu nenda kwenye setingi za waifai. Jina kwanza. Usiweke jina la ukoo wala namba ya simu, kwa nini mpita njia ajue nyumba gani ina vifaa? Yetu inaitwa Kimondo, kwa heshima ya lile jiwe la chuma la Mbozi lililotoka angani, na kila mgeni akiona jina hilo anacheka na kuanza stori. Aina ya ulinzi chagua WPA2, au WPA3 kama simu zote za nyumbani zinaikubali. Ukikuta WEP, kimbia, ilishavunjwa tangu mwaka 2001. Paswedi ya waifai nayo iwe ndefu, herufi kumi na mbili kwenda juu. Maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, na namba katikati, yanatosha na hayasahauliki. Namba ya simu ya dingi siyo paswedi. Mwaka wako wa kuzaliwa siyo paswedi. 12345678 ni mlango wazi.

Kuna kitu kinaitwa WPS, ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa pini ya tarakimu nane. Izime. Mwaka 2011 iligundulika kwamba ile pini inakaguliwa vipande viwili, kwa hiyo mtu hahitaji kujaribu mamilioni, majaribio kama elfu kumi na moja yanamaliza kazi, na kompyuta inayajaribu huku mwenyewe anakunywa chai. Kama ruta yako ina sehemu ya waifai ya wageni, iwashe, uipe paswedi nyepesi kidogo. Hiyo ndiyo ya kijiwe. Ikivuja unaibadilisha na nyumba haiguswi.

Ikiwa umefanya yote na ukurasa wa nje hauji, cheza na APN. Ni jina dogo linaloiambia laini ipite mlango gani kwenda kwenye intaneti. Ruta nyingi zinalijua zenyewe, lakini za mtumba hazijui. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, waulize herufi zake, uandike kama walivyokutajia bila nafasi wala herufi kubwa.

Nimalize suala la paswedi kwa jambo ambalo wana hawapendi kulisikia. Laini ina jina la mshua. Ndani ya ile waifai mtu akitukana, akitapeli, akisambaza picha za utupu za binti wa watu, njia inarudi mpaka kwenye laini hiyo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina mchezo. Unapompa msela paswedi unampa na kitambulisho cha baba yako. Mpe unayemjua.

Na kuna mchongo unaopendwa sasa hivi, wa kufunga ruta na kuuza vocha za waifai, jero kwa masaa kadhaa. Naelewa njaa ya kutoboa, na kijana wa kijijini anayewaza hivyo namheshimu. Ila kuuza huduma ya intaneti kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na bando la nyumbani halikutengenezwa kwa kuuzwa rejareja. Ukitaka biashara hiyo fuata njia yake, uliza ofisi za TCRA Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya siyo mbali.

Turudi ndani, mahali pa kuweka ruta. Hapa ndipo hela inapookolewa kuliko popote, na ni bure. Kwetu bi mkubwa aliiweka sebuleni pembeni ya tivii, akaifunika kitambaa cha kufuma, nyekundu na nyeupe, ikapendeza kweli. Ilikuwa inasoma -112 na inachemka kama pasi. Tukamwomba kwa heshima, mama, hii inapumua kwa hivi vitundu vya pembeni, ukiifunika inakosa hewa. Akaelewa mara moja, kitambaa kikarudi kwenye kochi. Tukaipeleka kwenye dirisha la korido linaloangalia upande wa mnara, juu, kwenye kibao cha mbao tulichopigilia wenyewe. Ikasoma -97. Laini ileile, bando lilelile, na video ikaacha kuzunguka.

Shida ni kwamba ruta ina masikio mawili. Sikio moja linasikiliza mnara, na hilo linataka dirisha, juu, mbali na bati. Sikio la pili linaongea na simu zenu, na hilo linataka katikati ya nyumba. Ukilazimika kuchagua, chagua la mnara, kwa sababu simu unaweza kusogea nayo, mnara hausogei. Nyumba ikiwa ndefu, kama zile za vyumba sita mstari mmoja, vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta mpaka chumba cha mwisho na ufunge ruta nyingine ndogo ya kusambaza huko. Waya haukatwi na tofali.

Waifai yenyewe inakuja kwa masafa mawili. Gigahezi 2.4 inafika mbali na inapenya ukuta, ila spidi yake ya kawaida. Gigahezi 5 ina mbio kinoma lakini ukuta mmoja wa tofali la kuchoma unaimaliza. Kwa hiyo anayecheza gemu chumba kilekile chenye ruta akae kwenye 5, na dingi anayesikiliza taarifa ya habari chini ya mwembe akae kwenye 2.4. Kama majirani nao wana ruta, kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, maana hizo tatu hazikanyagani.

Usiiweke nyuma ya friji, wala juu ya kabati la chuma, wala kando ya pipa la maji. Chuma na maji vinazima mawimbi.

Umeme. Watu wananiambia ruta itamaliza LUKU, na mimi nawapigia hesabu. Adapta nyingi ni volti 12, ampea 1. Ruta yenyewe inakula kama wati 10. Masaa ishirini na nne kwa siku thelathini, hizo ni uniti 7 na ushee. Kwa nyumba ya matumizi madogo, isiyopita uniti 75 kwa mwezi, bei imekuwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, kwa hiyo hata ukiongeza makato haifiki buku kwa mwezi. 

Kinachouma ni umeme kukatika. Kuna betri ndogo zinazotengenezwa kwa ajili ya ruta, unachaji kwa umeme na zenyewe zinatoa volti 12, zinakubeba masaa kadhaa. Wenye sola wanataka kuchomeka ruta moja kwa moja kwenye betri kubwa. Taratibu hapo. Betri ya volti 12 ikichajiwa na jua inapanda mpaka 14 na zaidi, na siyo kila ruta inavumilia. Pitisha kwenye kidhibiti cha volti, na uangalie alama ya chanya na hasi kwenye kichwa cha waya kabla ya kuchomeka. Ukikosea mara moja umeua kifaa.

Radi ndiyo adui yetu wa Novemba mpaka Aprili. Nyanda za juu hizi mnazijua. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa adapta ukutani. Kama una antena ya nje kwenye mlingoti, chomoa na waya wake pia. Usingoje mvua ifike, radi inatangulia.

Bando limebaki, na hapa ni nidhamu ya nyumba nzima. Netflix wenyewe wanasema picha ya ubora wa juu inakula mpaka GB 3 kwa saa, na ya kawaida kama GB 1. Piga hesabu: GB 10 kwa ubora wa juu ni masaa matatu na ushee tu. Kabla ya kumlaumu mtu, ingia kwenye simu ya kila mmoja: zima programu kujisasisha zenyewe, zima picha kujipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, zima video kujiwasha kwenye TikTok na Instagram, shusha YouTube mpaka 480. Laptopu ya Windows iambie kwamba huo mtandao ni wa kupimwa, vinginevyo usiku inavuta masasisho kama tembo kisimani. Na bando lililoandikwa halina kikomo, soma maandishi ya chini, nyingi baada ya GB kadhaa spidi inashuka.

Sisi tumekubaliana hivi. Mchana ni wa masomo na mishe. Dogo anashusha mitihani ya miaka iliyopita ya NECTA, sista anapokea oda za vitenge vyake WhatsApp, mshua anafuatilia bei ya kahawa na anauliza maswali ambayo zamani alikuwa anamwachia mnunuzi ayajibu. Usiku ni gemu na muziki. Jumapili ni simu ya video na ndugu walioko Lusaka na Dar, na bibi huvaa kanga mpya kwa ajili hiyo. Namwangalia anavyoisogelea simu mpaka paji la uso linajaa kioo, najua hela ya kahawa haikupotea.

Basi oya, leo jioni usisubiri fundi. Panda kwenye kiti, ishushe ruta ya kwenu, igeuze, soma stika, ingia ndani, badilisha funguo zote mbili. Kisha mkalishe bi mkubwa, mfundishe namna ya kuingia, na paswedi ya ndani uiandike kwenye daftari lake.